Kifo cha Escobar na dhana potofu wanazobaki nazo watazamaji wa Narcos

Ninafundisha historia ya biashara ya dawa za kulevya, na kila muhula wanafunzi huingia darasani wakiwa na imani moja ambayo ni vigumu kuing'oa: kwamba Pablo Escobar, bosi wa karteli ya Medellín, alipouawa, biashara ya kokeini ya Kolombia ilivunjika, na waliobaki wakawa wadogowadogo wa kuokota makombo. Nikiwauliza wameipata wapi, wananitajia sehemu ya mwisho ya msimu wa pili wa tamthilia ya Narcos, uliotoka Septemba 2016, ambamo Escobar anakimbizwa juu ya mapaa ya vigae mjini Medellín mpaka anaanguka. Sina ugomvi na tamthilia hiyo. Ninachokerwa nacho ni kwamba mtu mwenye imani hii hawezi kuelewa lolote lililofuata nchini Kolombia wala Meksiko, na wala hataelewa kwa nini habari za kukamatwa kwa "mapapa wa unga" zinajirudia katika magazeti yetu kizazi baada ya kizazi.

Escobar alikufa tarehe 2 Desemba 1993, siku moja baada ya kutimiza miaka 44. Siku hiyo biashara ilikuwa imekwisha kumtoka mikononi kwa zaidi ya mwaka mzima, na aliyeitoa ni yeye mwenyewe. Julai 1992, akiwa bado ndani ya La Catedral, gereza alilojijengea juu ya milima ya Envigado kwa makubaliano na serikali, aliamuru wauawe Fernando Galeano na Gerardo Moncada, washirika waliokuwa wakiendesha usafirishaji alipokuwa kifungoni, kwa tuhuma za kumficha fedha. Serikali ilipoamua kumhamishia gereza la kweli, alitoroka tarehe 22 ya mwezi huohuo, na tangu hapo akawa mtu wa kujificha nyumba hadi nyumba, anayetumia fedha alizokuwa nazo kulipia mabomu na walinzi ambao nao walikuwa wakipungua kila wiki.

Watu wa Galeano hawakusamehe. Diego Murillo, maarufu kwa jina la Don Berna, ambaye alikuwa mkuu wa ulinzi wa Galeano, aliungana na ndugu wawili, Fidel na Carlos Castaño, wakaunda kikundi cha Los Pepes ambacho mwaka 1993 kiliwaua mawakili, wahasibu na jamaa wa Escobar na kuzichoma nyumba zake. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwa karteli ya Cali, wapinzani wake wa kibiashara, na taarifa za kikundi hicho ziliwafikia polisi wa Bloque de Búsqueda waliokuwa wakimsaka. Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi waache kutazama paa na watazame ni nani waliosimama upande wa washindi. Ndugu Gilberto na Miguel Rodríguez Orejuela wa Cali walibaki bila mshindani mkubwa hadi walipokamatwa mwaka 1995. Carlos Castaño akaja kuongoza AUC, muungano wa wanamgambo ulioanzishwa mwaka 1997 na kujilisha kwa fedha za kokeini. Don Berna aliirithi mitandao ya Medellín, akaitawala mitaa ya mji huo kwa miaka mingi, na hakuondolewa nchini hadi Mei 2008 alipopelekwa Marekani kushtakiwa. Kwa hiyo waliosaidia kumwangusha Escobar walikuwa wafanyabiashara wa bidhaa ileile, na malipo ya msaada wao yalikuwa soko lenyewe.

Sababu ya hayo haihitaji nadharia nzito. Bosi wa aina ya Escobar hakuwa mkulima wala mpishi wa kokeini. Alikuwa mwenye mtaji, aliyewakusanyia wengine mizigo yao katika safari moja, akawahakikishia usalama wake, na akakata sehemu yake. Akiondoka, mkulima wa koka bado ana shamba, maabara ya msituni bado ina kemikali, rubani bado anaijua njia, na mnunuzi wa Miami au New York bado anasubiri. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaunganisha, na nafasi yenye faida kubwa kiasi hicho haikai wazi. Wakati Escobar anakufa, koka nyingi zaidi ilikuwa ikilimwa Peru na Bolivia, na Kolombia ilikuwa hasa mahali pa kuisindika na kuisafirisha. Peru ilipoanza kuzidungua ndege zilizobeba malighafi hiyo katikati ya miaka ya 1990, kilimo kilihamia Kolombia kwenyewe, na kabla ya muongo huo kwisha nchi hiyo ikawa mlimaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 2023, miaka 30 baada ya lile paa, Umoja wa Mataifa ulipima hekta 253,000 za koka nchini humo. Anayesema biashara ilikwisha mwaka 1993 aitazame namba hiyo kwa utulivu.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba tamthilia yenyewe haikudanganya katika jambo hili. Katika onyesho la kufungia msimu, Javier Peña, afisa wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, anaitwa mbele ya wakubwa Washington na kuulizwa anajua nini kuhusu karteli ya Cali. Waandishi wake waliweka jibu pale mwishoni kabisa, lakini watazamaji wengi huwa wameshafunga hesabu pale mwili unapolala juu ya vigae. Ushauri wangu kwa wanafunzi na kwa waandishi wa habari wanaonijia ni uleule: bosi anapouawa au kukamatwa, usianze kuandika kuhusu maisha yake ya anasa, tafuta kwanza aliyetoa taarifa za kumpata, nani alikuwa akimdai, na njia zake sasa zinatumiwa na nani. Hata kwetu kanuni hiyo inafanya kazi. Ibrahim Akasha wa Mombasa alipigwa risasi Amsterdam Mei 2000, na wapo waliodhani jina hilo limekwisha. Wanawe Baktash na Ibrahim waliendelea na biashara hadi walipopelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa na kuhukumiwa miaka 25 na miaka 23.

Dhana nyingine zinanichukulia muda mfupi zaidi. Wapo wanaoamini kwamba maafisa wa DEA ndio waliomuua, kwa kuwa msimulizi wa tamthilia ni Steve Murphy na anaonekana katika uvamizi ule. Operesheni ile ilikuwa ya polisi wa Kolombia. Murphy halisi alikuwa Medellín lakini alifika baada ya risasi kwisha, na picha maarufu ya yeye akiwa ameinama karibu na maiti ilipigwa wakati huo. Peña hakuwepo mjini kabisa. Aliyepata mahali alipojificha, katika mtaa wa Los Olivos, ni kikosi cha wasikilizaji wa mawasiliano alichokuwemo luteni Hugo Martínez, mtoto wa kanali aliyeongoza msako, na kilichomponza Escobar ni simu ndefu alizompigia mwanawe. Yule Trujillo anayemmalizia katika tamthilia ni mhusika wa kubuni. Nani hasa alifyatua risasi iliyopita sikioni ni suala ambalo bado lina mabishano, na familia yake hushikilia kwamba alijiua.

Kuhusu Escobar kuwa mtetezi wa maskini, ni kweli aliwajengea nyumba mamia ya familia zilizokuwa zikiishi kwenye dampo la Moravia. Ni kweli pia kwamba aliweka bei juu ya kichwa cha kila polisi wa Medellín, na kwamba bomu la watu wake lililipua ndege ya Avianca tarehe 27 Novemba 1989 na kuwaua wote 107 waliokuwemo, kwa kumlenga mgombea urais César Gaviria ambaye hata hakupanda. Siwezi kuyapima mambo hayo mawili kwenye mizani moja, na ninaona vibaya mtu anapojaribu kufanya hivyo mbele ya darasa langu. Na kwa wanaouliza: Wagner Moura, aliyemwigiza, ni Mbrazili, na Wakolombia wengi waliilalamikia lafudhi yake.

Imebaki ile inayotokana na sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu wa Narcos: Mexico, uliotoka Novemba 2021, inayoacha mlango wazi kwamba Amado Carrillo Fuentes, bosi wa karteli ya Juárez, huenda hakufa. Alikufa. Ilikuwa Julai 1997, katika hospitali moja ya Jiji la Meksiko, baada ya upasuaji wa saa nyingi wa kubadilisha sura, na alama za vidole vyake zililinganishwa na zile zilizokuwa katika kumbukumbu za Marekani. Miezi michache baadaye, maiti za madaktari waliohusika zilikutwa ndani ya mapipa yaliyojazwa zege. Kuhusu karteli yake, mdogo wake Vicente aliichukua, na hakukamatwa hadi Oktoba 2014.