Kaa wa kisiwa kimoja: maana yake nini?

Ukitaja kaa, watu wa pwani tunamfikiria kaa koko wa mikokoni, mwenye gando nene. Lakini wako kaa ambao bahari haiwahusu kabisa: huzaliwa, hukua na kufa mtoni. Hao ndio kaa wa maji baridi, na baadhi yao hupatikana kwenye kisiwa kimoja tu duniani.

Mfano mzuri ni Johora singaporensis wa Singapore, aliyetambulishwa kisayansi na mtaalamu wa kaa, Peter Ng, mwaka 1986. Ni mdogo, gamba lake lina upana wa kama sentimita 3. Mchana hujibanza chini ya mawe na majani yaliyooza, usiku hutoka kutafuta riziki. Makazi yake ni vijito vichache vya vilimani, kama vile Bukit Timah na Bukit Batok, katika nchi iliyojaa maghorofa na yenye watu zaidi ya milioni 5.

Mbona hakuenea kwingine? Jibu liko tumboni. Mgeuze kaa jike yeyote chali utaona mkia mpana uliokunjwa kama kifuniko. Mkia wa dume ni mwembamba. Chini ya kifuniko hicho ndimo mayai yanamobebwa. Kaa wa baharini hutaga mayai mengi mno, na yakianguliwa hutoka lava, yaani watoto wadogo wasiofanana bado na kaa, wanaochukuliwa na mikondo hadi mbali. Kaa wa maji baridi hutaga machache, makubwa, na kinachotoka ni kaa kamili mwenye miguu na magando yake, anayeendelea kukumbatiwa na mama kwa muda. Hakuna hatua ya kuelea, basi hakuna wa kupelekwa ng'ambo. Mtoto hukulia kijito kilekile cha mama yake. Hilo mimi huliona la ajabu kuliko udogo wake.

Tusichanganye, hata hivyo, kuwa wa mahali pamoja na kuwa adimu. Kiumbe anaweza kuwa wa kisiwa kimoja na akajaa humo tele. Huyu wa Singapore amepatwa na yote mawili: mwaka 2012 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe 100 vilivyo hatarini zaidi duniani. Kijito kikikauka, au maji yakizidi asidi, hana pa kukimbilia. Ndiyo maana wataalamu wa huko wanawazalisha kwenye matangi, kisha wanawaachia tena vijitoni.