Si kila jani nene la ufukweni ni mboga ya pwani: jinsi ya kutofautisha Sesuvium na Trianthema

Tangu kampeni za usafi wa fukwe zishike kasi, meza yetu ya utambuzi wa mimea inapokea picha nyingi za simu na sampuli chache mno. Swali huwa lile lile: hili ni gugu, tung'oe? Picha inaonyesha mmea unaotambaa mchangani, shina jekundu, majani manene yaliyojaa maji, na kiua kidogo cha waridi kilichopigwa kutoka juu. Tunajibu kwamba kwa picha hiyo hatuwezi kutaja jina. Najua jibu hilo linawaudhi wengi, hasa ambao programu ya simu imekwisha kuwapa jina kwa sekunde mbili.

Mimea inayochanganywa zaidi ni Sesuvium portulacastrum, ambayo baadhi ya wenyeji huiita mboga ya pwani, na Trianthema portulacastrum. Zote mbili ni za familia ya Aizoaceae. Neno la pili katika majina yao linafanana kwa sababu mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliona zote zinashabihiana kwa mbali na Portulaca, kundi jingine la mimea. Sesuvium aliiweka kabisa ndani ya Portulaca, kisha akaihamisha mwaka 1759. Kwa hiyo anayeandika "portulacastrum" peke yake kwenye fomu hajataja mmea wowote. Fomu za namna hiyo tunazirudisha.

Kwanza niondoe dhana moja. Wekundu wa shina si alama ya utambuzi. Jua kali na chumvi huwafanya wote wawili wawe wekundu, na mmea ule ule ukiwa kivulini hubaki kijani. Unene wa jani nao hubadilika kati ya masika na kiangazi. Naomba tuache kutumia vigezo hivyo.

Tazama ua linapokutana na shina. Kwenye Sesuvium kila ua lina kikonyo chake, kifupi lakini kinaonekana kwa macho, na limesimama peke yake kwenye kwapa la jani, yaani pembe kati ya jani na shina. Halina petali, yaani majani ya ua yenye rangi. Sehemu tano unazoziona ni waridi kwa ndani na kijani kwa nje, na karibu na ncha ya kila moja kuna kijipembe kidogo. Katikati kuna stameni (vijiti vya kiume vyenye chavua) nyingi, na stili (vijiti vya kike vilivyosimama juu ya ovari) kwa kawaida ni tatu. Majani hukaa mawili mawili, yanakaribiana kwa ukubwa, membamba na marefu kiasi.

Trianthema haina kikonyo cha ua. Ua limekaa ndani ya kifuko kilichotokana na msingi wa kikonyo cha jani uliopanuka na kulikumbatia shina, na mara nyingi utaona ncha za rangi tu zikichungulia. Chukua wembe, pasua kifuko hicho kwa urefu, uangalie kwa lenzi ya mkononi ya mara kumi: stili ni moja tu. Tunda changa limezama humo humo. Likikomaa, juu yake hufunguka kama kifuniko chenye meno mawili, na kifuniko hicho kwa kawaida huondoka na mbegu yake ndani. Sesuvium nayo hufungua kifuniko, lakini mbegu zake nyeusi zinazong'aa hubaki kwenye kikombe. Majani ya Trianthema ni mapana, karibu mviringo, na katika kila jozi moja ni kubwa kuliko jenzake. Ukishaiona tofauti hiyo mara moja huisahau.

Ukikuta vijiua vimejikusanya kichala kwenye kwapa, stameni tano na stili mbili, huenda una Zaleya pentandra, ndugu yao mwingine. Na ua la manjano lenye sepali (vijani vya nje vya ua) mbili ni Portulaca. Hiyo si ya familia hii, na sioni sababu ya kuichanganya na hizi.

Tofauti hii ina uzito wake kiutendaji. Sesuvium ni mmea wa kudumu. Huota pale maji ya bamvua yanapokomea, nyuma ya mikoko, na kwenye kingo za mashamba ya chumvi. Shina lake hutoa mizizi kwenye vifundo vinavyogusa mchanga, na upepo unapovuma mchanga hunaswa kwenye majani na kujikusanya. Hapo ndipo tuta linapoanza. Trianthema ni gugu la msimu lenye mzizi mkuu mmoja. Hupenda mashamba, kando ya barabara na vifusi, hata karibu na bahari. Niliwahi kupitia taarifa ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyoandika Sesuvium hadi kwenye ukuta wa nyuma wa kiwanja. Sampuli zilipoletwa, zile za nyuma zote zilikuwa Trianthema zilizoota juu ya kifusi kilichomwagwa. Ramani nzima ya uoto ilibidi irudiwe.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wapo wanaoshikilia kwamba kinahusu nyumba na kuta pekee. Sivyo. Kinagusa shughuli za kudumu na pia zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri uhifadhi wa ukingo. Kukwangua tuta kwa greda ili ufukwe "upendeze" kunaweza kuangukia hapo. Adhabu chini ya sheria hii yaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Kabla ya kusafisha eneo kubwa, ulizeni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kwa maandishi, na jibu lao mlitunze.

Anayetaka utambuzi rasmi alete sampuli, si picha. Inatakiwa matawi mawili yenye maua na matunda, ua moja kwenye kichupa cha alkoholi ya asilimia 70, na lebo yenye mahali, tarehe, jina la mkusanyaji, namba aliyoipa sampuli, aina ya udongo na rangi ya ua likiwa bichi. Mimea hii ina maji mengi, na ikibanwa ikiwa hai huendelea kuishi ndani ya magazeti kwa wiki kadhaa na kupukutisha majani yote. Itumbukizeni sekunde chache kwenye maji yanayochemka, isipokuwa ua, kisha ikausheni na kuibana, mkibadilisha magazeti kila siku. Sampuli yenye ukungu haipokelewi. Ndani ya hifadhi ya bahari, kwa mfano Mafia iliyotangazwa mwaka 1995, hamruhusiwi kukusanya bila kibali, hata kama ni tawi moja. Ya kupelekwa nje ya nchi inahitaji cheti cha afya ya mimea, na bila cheti hicho yaweza kuzuiwa mpakani.

Kuhusu kula, nasema kwa tahadhari. Wanaopika Sesuvium huichemsha na kumwaga maji ili kupunguza chumvi. Trianthema ina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ikiliwa kwa wingi. Mtu asiye na hakika na stili alizohesabu asiipeleke jikoni.

Na kwa kikundi kilichokwisha kung'oa Sesuvium kwa kudhani ni gugu, mashina hayo msiyachome ikiwa bado mabichi. Kateni vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, fukieni vifundo viwili vya kila kipande, mviache vifundo vingine juu ya mchanga, mahali pale pale mlipong'oa, mvua za masika zinapoanza.