Kabla hamjatafuta mkuu wa maabara, amueni nani anaweza kusimamisha kipimo

Napigiwa simu mara kwa mara na hospitali za hapa Nairobi, leo ni HR, kesho ni mwenye hospitali mwenyewe, na ombi huwa ni lile lile, daktari tunatafuta patholojisti wa kuongoza maabara yetu, si utuunganishe na mtu mzuri. Mimi ni patholojisti, yaani daktari bingwa wa vipimo vya maabara, nimekaa kwenye paneli za intavyu upande wa kuuliza na upande wa kuulizwa, kwa hivyo wacha niyaandike haya mara moja niwe natuma linki tu.

Swali langu la kwanza kwao si la mshahara. Nawauliza hivi: mashine yenu ya kupima kemia ya damu ikianza kutoa majibu ya potasiamu yasiyoeleweka saa nane usiku, nani ana ruhusa ya kusema kipimo hiki kimesimama mpaka tujue shida iko wapi? Wengi hunyamaza. Wengine wananiambia lazima kwanza meneja wa fedha apigiwe, manake kipimo kikisimama na pesa imesimama. Sasa hapo ndugu zangu hamtafuti mkuu wa maabara, mnatafuta mtu wa kutia sahihi ripoti na jina lake likae kwenye letahedi. Ni kumpa mtu usukani wa matatu halafu breki akae nayo makanga. Patholojisti mzuri ataligundua hilo mapema na ataondoka, nanyi mtabaki mkisema ati madaktari wa siku hizi hawatulii.

Na hili silitoi kichwani. Kiwango cha ISO 15189, kile cha kimataifa cha maabara za tiba ambacho KENAS, shirika la ithibati la Kenya, hutumia kuzipa maabara za hospitali ithibati, toleo lake la 2022 linataka mkurugenzi wa maabara awe na sifa, ujuzi, mamlaka aliyokabidhiwa, wajibu na rasilimali. Watu wanasoma mpaka kwenye sifa wanafunga kitabu. Linasema pia anaweza kuwagawia wengine kazi zake, kwa maandishi, lakini wajibu wa mwisho unabaki kwake. Basi ukimbebesha mtu wajibu wa mwisho mpe na ruhusa ya kusema hapana, iandikwe kwenye barua ya kazi, si ya mdomo kwenye chai.

Kuna jambo ambalo madaktari wenzangu hawapendi nikilisema: kiwango hicho hakilazimishi mkurugenzi awe daktari. Hapa Kenya sisi madaktari tunasajiliwa na KMPDC, baraza la madaktari, watekinolojia wa maabara wanasajiliwa na KMLTTB, bodi yao wenyewe, ambayo pia ndo inatoa leseni za maabara, na vuta nikuvute ya nani mkubwa si ya leo. Mkimleta daktari awe juu na tayari mna meneja wa maabara aliyeishikilia hiyo labu miaka na mikaka, kaeni naye chini kabla tangazo halijatoka. Mgawanyo ambao nimeona unafanya kazi ni huu, meneja ashike zamu, stoo, matengenezo ya mashine na mafunzo ya watu, daktari ashike swali la kama majibu yana maana kwa mgonjwa, kipimo kipi kiingie na kipi kitoke, pamoja na kuongea na madaktari wa wodini. Ya katikati, mfano kuchagua mashine, sahihi ziwe mbili.

Hapo kwa mashine nikae kidogo, manake ndipo mamlaka ya mkuu huonekana kama ni ya kweli au ya makaratasi. Hospitali nyingi hazinunui mashine siku hizi. Kampuni inaileta "bure", mnafunga kandarasi ya miaka kadhaa ya kununua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwao peke yao, na bei ya mashine inakuwa imejificha ndani ya kila kipimo. Si mpango mbaya, hospitali ndogo isingeweza kupata mashine ya maana vingine, lakini karatasi inasainiwa na watu wa manunuzi na mara nyingi kuna idadi ya vipimo ambayo msipofikisha bado mnalipa. Kwenye intavyu nampa mtu kandarasi ya namna hiyo, majina yamefutwa, aisome hapo hapo kisha aniambie angeuliza nini. Anayeuliza vitendanishi vya kontroli (kuhakikisha mashine inapima sawa) na vya kalibresheni (kuiweka sawa) vinalipwa na nani, na kipimo kikirudiwa kinahesabiwa mara ngapi, huyo ameshawahi kuongoza. Anayenipa kurasa mbili za kusifu teknolojia ya ile mashine, hapana.

Sasa, patholojisti gani? Mtu wa kawaida mtaani ukimwambia patholojisti anafikiria mochari, na bodi zingine za hospitali haziko mbali sana na hapo. Kuna wa anatomia, yaani baiopsi (vipande vya tishu vilivyokatwa mwilini), seli na uchunguzi wa maiti, na kuna wa klinikali, yaani damu, kemia, vijidudu, benki ya damu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina MMed, shahada ya ubingwa, ya patholojia ya binadamu ya miaka 4, Aga Khan nao wanafundisha, na mtu akishatoka huko anazidi kuegemea upande mmoja kulingana na mahali alipofanya kazi. Angalieni vitabu vyenu: kama mapato na hatari zenu ziko kwenye damu na kemia, na mnamwajiri mtu ambaye maisha yake yote ni baiopsi za matiti, atakaa ofisini na hadubini yake na labu kuu itajiendesha. Na kinyume chake pia, mkiwa na kliniki ya saratani mtahitaji macho ya tishu, huwezi kukwepa. Usajili wake kama mtaalamu uangalieni kwenye rejista ya KMPDC, iko mtandaoni, msingoje fotokopi.

Mitihani yangu ya intavyu ni midogo na wengine wanaiona ya dharau. Wa kwanza ni wa potasiamu. Nasema mgonjwa anatembea, anaongea, hana neno, potasiamu imekuja juu ya kuua mtu na kalisiamu imeanguka, mnafanyaje? Jibu la kitabu liko: damu ilichukuliwa kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau ikamiminwa kwenye chupa nyingine, na ile dawa ya kuzuia damu isigande ndani yake ina potasiamu, tena inashika kalisiamu. Karibu wote wanalipata. Mimi nangoja kinachofuata. Wako wanaoishia hapo wakiwa wameridhika kabisa. Wako wanaosema nawapigia wodi simu sasa hivi wasimpe mgonjwa dawa ya kushusha potasiamu, natuma damu nyingine itolewe, na kesho naenda kwa matroni bila ugomvi tuone nani anafundisha manesi wapya kutoa damu. Namtaka huyo wa pili hata kama sivii yake ni fupi.

Wa pili ni chati ya kontroli, ile ya Levey-Jennings, ambapo kila siku mnaweka nukta ya jibu la sampuli ambayo thamani yake inajulikana. Nachora nukta zote zikiwa ndani ya mipaka, hakuna hata moja iliyovuka SD 2 (kipimo cha umbali kutoka wastani), ila kumi za mwisho zote ziko juu ya wastani. Mwenye haraka anasema iko sawa. Mwenye mazoea ya kukaa na watekinolojia anaona mashine inahama pole pole na anauliza kama loti, yaani shehena, ya vitendanishi ilibadilishwa.

Wa tatu, slaidi. Namwekea trei na ndani yake kuna moja ambayo haina jibu, tishu ni kidogo au imeharibika kwa kukaa nje ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi tishu. Akinipa jibu kamili kwa zote, asante daktari tutakupigia. Hiyo slaidi mbovu pia inaniletea mazungumzo ninayoyataka: baiopsi ya titi inatakiwa ikae kwenye fomalini si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 ndo vipimo vya homoni na vya HER2, ambavyo huongoza matibabu ya saratani ya titi, viaminike, sasa kama inatoka chumba cha upasuaji Ijumaa jioni na kuna wikendi ndefu, nani anaifuata? Makosa mengi ya maabara huanza kabla sampuli haijafika maabara, kwa hivyo mkuu asiyetoka mlango wa labu hawezi kuyafikia.

Watu wa kumuulizia habari zake nao, msiishie kwa profesa wake. Mpigieni daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi, halafu mtafuteni tekinolojia wa zamu ya usiku mumuulize jambo moja tu, ukimpigia saa tisa usiku anashika simu?

Pesa. Mapatholojisti ni wachache nchini, kwa hivyo wengi tunazunguka, asubuhi Upper Hill, mchana Parklands, jioni unakula foleni ya Thika Road ukienda kusaini ripoti mahali pengine. Sioni aibu kulisema. Marekani kanuni zao za maabara, CLIA, haziruhusu mkurugenzi mmoja kuzidi maabara 5, ukiondoa zile za vipimo rahisi tu, na hata hizo 5 mimi naona ni nyingi kwa mtu anayetaka kujua watekinolojia wake kwa majina. Mkitaka mtu awe wenu mzima lipeni mtu mzima. Kama hamwezi, semeni ni siku ngapi, saa ngapi, na siku zingine nani anashika simu. Wa kutoka nje ya nchi nao wapo, ila leseni ya KMPDC na kibali cha kazi cha daraja D, kile cha kuajiriwa, vitangulie, msimtangaze kabla makaratasi hayajatoka.

Na kama mna mochari, iandikeni kwenye kandarasi kabisa. Uchunguzi wa maiti unaleta samansi, samansi inampeleka daktari mahakama ya Milimani au Makadara asubuhi nzima, kesi inaahirishwa, anarudishwa tena mwezi ujao. Amueni mapema siku hizo ni za nani, gari ni la nani, na nani anasoma baiopsi za siku hiyo, manake hizo hazingoji hakimu.