Hidrofoni kwanza, spika baadaye: kuwasikiliza pomboo na nyangumi wa Kizimkazi

Anayetaka kifaa cha kuzungumza na pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, huulizia spika kwanza. Mimi humrudisha kwenye hidrofoni, yaani maikrofoni ya kuzamishwa majini, maana bila hiyo hutajua umetoa sauti gani wala kama umejibiwa. Na ya kujifunzia hutahitaji kuiagiza mbali: vitu vyake karibu vyote viko kwa mafundi redio.

Kiini chake ni kisahani cha piezo, yaani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kile cha rangi ya dhahabu kilichomo ndani ya buza ya kengele. Tafuta cha milimita 27. Waya wa kati wa kebo ulehemu kwenye duara jeupe la kauri, na wavu wa nje wa kebo kwenye bamba lenyewe. Bamba lisugue msasa kwanza. Duara jeupe halivumilii moto: pasi ya kulehemia ikikaa zaidi ya sekunde mbili, mpako wa fedha hubanduka na kisahani ni cha kutupa. Kebo iwe koaksio nyembamba, mita 15 hivi. Waya wa spika hauna wavu wa kukinga, kwa hiyo kila kitu cha umeme kilichomo botini kitakuvumia masikioni.

Kisha kizike chote ndani ya gundi ya epoksi ya kuchanganya, unene wa milimita 3 hadi 5 kila upande. Koroga polepole. Kiputo cha hewa kikibaki mbele ya kisahani hurudisha sauti ilikotoka, na hidrofoni huwa kiziwi upande huo. Maji huingilia pale kebo inapotokeza, kwa sababu epoksi haishiki vizuri ganda laini la plastiki; likwaruze sentimita 3 kabla ya kumimina, na gundi ilifunike eneo hilo lote. Ikishakauka, ilaze usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya bahari, halafu pima kwa mita ukinzani kati ya waya wa kati na wavu. Mita ikionyesha kiloohm mia kadhaa badala ya kutosoma kitu, maji yameshaingia. Usijisumbue kuiziba, tengeneza nyingine.

Wengi hukwama kwenye kuunganisha na rekoda. Kisahani cha ukubwa huu kina kapasitansi (uwezo wa kushika chaji ya umeme) ya takriban nanofaradi 20, na tundu la maikrofoni la rekoda au simu mara nyingi lina ukinzani wa kiloohm chache tu. Viwili hivyo vikikutana hukata sauti nzito, na mpaka wa kukata hupatikana kwa 1 ÷ (2π × R × C), R ikiwa ukinzani wa tundu na C kapasitansi ya kisahani. Kwa kiloohm 2 mpaka ni karibu Hz 4,000. Sasa, sehemu kubwa ya nguvu ya wimbo wa nyangumi wa nundu iko chini ya hapo! Mtu hukaa baharini asubuhi nzima, akarudi akisema mwaka huu nyangumi hawakuja.

Dawa yake ni transista moja ya JFET, ya miguu mitatu iitwayo geti, dreni na sosi, na betri ya volti 9. Geti ipokee waya wa kisahani, pamoja na rizista ya kiloohm 470 kwenda chini, yaani kwenye hasi ya betri, unakofungwa pia wavu wa kebo. Dreni iende kwenye chanya ya betri. Sosi ipate rizista ya kiloohm 4.7 kwenda chini, na kutoka hapo kapasita ya mikrofaradi 10 ipeleke sauti kwenye rekoda. Mpaka unashuka hadi Hz 17 hivi. Wapo wanaoweka megaohm 1 au zaidi, lakini naona hiyo inakaribisha tu kupanda na kushuka kwa mawimbi. Transista ibaki juu, pakavu: mita 15 za kebo hula chini ya asilimia 10 ya sauti, hasara isiyostahili kuzamisha sakiti nzima.

Rekodi kwa WAV, sampuli 96,000 kwa sekunde. Miluzi ya pomboo wa Kizimkazi mingi iko kati ya kHz 4 na 20, lakini mibofyo yao ya kutafutia njia na samaki huvuka kHz 100, na rekodi hunasa hadi nusu ya sampuli zake, yaani kHz 48, kwa hiyo utapata ncha ya chini tu. Programu ya simu ya kurekodi sauti haifai kabisa. Huona mluzi ni kelele na kuufuta.

Majini, zima injini na kile kifaa cha kupimia kina, kwani nacho hubofya. Hidrofoni ining'inie mita 5 chini, kutoka kwenye boya lililo mita 10 au zaidi mbali na boti, ili usisikie maji yakipiga ubao. Kati ya boya na kebo weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na chubwi chini. Mpira huo ndio unaomeza mrindimo wa kebo inayotetemeshwa na mkondo. Wakati wa bamvua hata mpira hausaidii sana. Subiri maji mafu, au iache boti ielee na mkondo. Nyangumi huja Julai hadi Oktoba, na Julai na Agosti kusi liko kwenye nguvu zake, basi toka alfajiri. Mchakariko kama wa mafuta kikaangoni usikutie wasiwasi kwamba lehemu imeachia. Ni kamba wadogo wa miambani wanaofyatua makoleo yao, na karibu na mwamba hawanyamazi.

Ama spika, hali ni hii. Ya kawaida ndani ya mfuko wa plastiki haifanyi kitu, kwa sababu sauti ikitoka hewani kuingia majini hupita kama elfu moja tu ya nguvu yake. Spika halisi za majini zipo, lakini swali ni utapiga nini. Mwaka 2013 watafiti Stephanie King na Vincent Janik walichapisha majaribio ya Uskochi: pomboo aliyechezewa nakala ya mluzi wake mwenyewe, ule unaomtambulisha, aliitikia. Mwaka 2021 huko Alaska watafiti walimchezea nyangumi wa nundu aitwaye Twain mwito wa kuitana, mara 36 ndani ya dakika 20, naye akaizunguka boti na kuitikia kwa kufuata nafasi walizoacha kati ya mwito na mwito. Hayo ni maitikio, mazungumzo bado. Na yalitokana na rekodi za wanyama wa pale pale. Kuchukua mluzi wa Florida mtandaoni na kuupiga Ghuba ya Menai, hapo hapo Kizimkazi, ambako utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha boti za watalii tayari zinawapunguzia pomboo mapumziko, ni usumbufu bila faida. Asiye na mpango wa utafiti na kibali asipige chochote.

Sauti moja ya kuwapelekea naiunga mkono: pinga, kengele ya kufunga kwenye jarife ili pomboo wajue kuna wavu. Za aina iliyozoeleka hulia kHz 10 kwa sekunde 0.3, kila baada ya sekunde 4, na hufungwa takriban kila mita 100 za wavu. Betri moja ikifa, pale pananyamaza na wavu upo. Nyingi huwaka zikigusa maji ya chumvi tu, kwa hiyo kuiweka sikioni nchi kavu hakukuambii kitu. Kabla ya kutweka, itumbukize kila moja kwenye ndoo ya maji ya bahari pamoja na hidrofoni, uhesabu milio kwa nusu dakika. Ikipungua saba, badili betri.