Je, wajua kwa nini kompyuta "pagale" inaweza kukugharimu kuliko iliyojaa?

Chukua mini PC, kompyuta ndogo ya mezani yenye umbo la kisanduku. Kisanduku ni kilekile, bei ni mbili. Cha kwanza kina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16, SSD (diski ya kuhifadhi) ya GB 512 na Windows ndani. Cha pili kimeandikwa "barebone" na bei yake iko chini kidogo. Anayeona hivyo hukata shauri papo hapo: vitu vimepungua, bei imepungua, vilivyobaki nitavinunua mwenyewe na chenji itabaki mfukoni. Hesabu hiyo haionekani kuwa na kasoro, ndiyo maana inawanasa hata wanaozijua kompyuta vizuri. Mara nyingi chenji haibaki, na wakati mwingine unaongeza ya kwako.

Barebone ni pagale. Kuta zimesimama na paa lipo, ila milango na madirisha ni juu yako. Ndani utakuta ubao mama, prosesa, feni na adapta ya umeme, aghalabu na kadi ya Wi-Fi. RAM hakuna, diski hakuna, mfumo endeshi hakuna. Na neno lenyewe halina mipaka: ASRock DeskMini X300 nayo inaitwa barebone, lakini haina hata prosesa. Unatafuta Ryzen, prosesa ya kampuni ya AMD, ya soketi (tundu la prosesa) ya AM4 pamoja na kipozeo kisichozidi milimita 46 kwa urefu, la sivyo kifuniko hakifungi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni "prosesa imo?"

Intel ndiyo iliyovizoesha watu visanduku hivi kupitia mini PC zake za NUC, kuanzia mwishoni mwa 2012. Boksi za mwanzo zilikuwa na kituko chake: ukifungua kifuniko, boksi linapiga mlio ule wa matangazo ya Intel, lakini waya wa kutoka adapta hadi ukutani haumo. Boksi linaimba, kompyuta haiwaki. Julai 2023 Intel ilijitoa kwenye NUC, ASUS ikaendeleza. Siku hizi soko limejaa majina kama Minisforum, Beelink na GMKtec, na mengi huuza pagale na iliyojaa bega kwa bega.

Turudi kwenye chenji. Kosa liko hapa: tunadhani tofauti ya bei kati ya visanduku viwili ni bei ya RAM na SSD dukani. Sivyo. Mtengenezaji hununua RAM kwa maelfu ya vijiti, na anapokuuzia pagale anaondoa gharama aliyoingia yeye, bei ya jumla. Wewe unakwenda kununua kijiti kimoja kwa rejareja, chenye faida ya mwagizaji, ushuru, nauli na faida ya mwenye duka. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, pagale ni dola 190 na iliyojaa ni dola 270. Pengo ni 80. Kama RAM na SSD za ukubwa uleule dukani kwako ni dola 110, pagale limekugharimu dola 30 zaidi, na bado hujagusa Windows. Iliyojaa kwa kawaida huja na leseni. Marekani leseni ya Windows 11 Home ya rejareja imekuwa ikiuzwa dola 139, kiasi kinachoweza kumeza pengo lote peke yake. Atakayeweka Linux, mfumo endeshi wa bure, anaifuta gharama hiyo.

Hesabu inageuka pale vitu unavyo tayari. Laptopu iliyovunjika kioo ina RAM nzima ndani, na mini PC nyingi hutumia RAM hiyohiyo fupi ya laptopu, SO-DIMM. Inageuka pia kama ulikuwa utoe vile vilivyomo: unataka GB 64, au diski ya TB 2, na hutaki kulipia GB 16 za kwenda kulala kwenye droo. Tena bei za RAM hazitulii. Nusu ya pili ya 2025 zilipanda kwa kasi, kwa kuwa viwanda vilielekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili mnemba. Msimu kama huo, iliyojaa ambayo muuzaji aliiagiza kabla ya bei kupanda inaweza kuwa nafuu kupita kiasi. Piga hesabu kwa bei za siku unayonunua, si za mwaka jana.

Wanaolitetea pagale husema pia kwamba SSD zinazokuja na visanduku vilivyojaa ni mbovu. Hapa ushahidi ni mwembamba. Nyingine hazina jina, nyingine ni za kampuni zinazofahamika, na kisanduku kilekile kinaweza kubadilishiwa SSD kati ya shehena moja na nyingine. Faida ya uhakika ni kwamba ukichagua mwenyewe unajua ulichoweka.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua mwenyewe ambayo haimo kwenye bei: idadi ya vijiti vya RAM.

RAM ni ghala. GB ni ukubwa wa ghala, na wengi huishia hapo. Lakini mzigo hautoki wenyewe, unatolewa mlangoni na makuli, na upana wa mlango ni jambo tofauti kabisa na ukubwa wa ghala. Kijiti kimoja kina mlango wa biti 64, yaani baiti 8 kwa safari. DDR4 (kizazi kimoja cha RAM) ya 3200 hufanya safari bilioni 3.2 kwa sekunde. Zidisha kwa 8, unapata GB 25.6 kwa sekunde. Weka vijiti viwili kwenye ubao wenye chaneli mbili, yaani njia mbili za RAM, milango inakuwa miwili na jumla inafika GB 51.2. Ghala moja la GB 16 na maghala mawili ya GB 8 yanahifadhi mzigo sawa, ila kwenye maghala mawili lori linaondoka limejaa wakati la mlango mmoja liko nusu.

Kwenye kompyuta kubwa yenye kadi ya grafiki, grafiki, yaani sehemu inayochora picha za skrini, ina ghala lake binafsi. Kwenye mini PC ya kawaida haina. Imo ndani ya prosesa na inachota kwenye ghala lilelile. Prosesa huomba viroba vichache vichache. Grafiki huomba lori zima kila picha inapobadilika, na kwenye gemu hiyo ni mara 60 kwa sekunde au zaidi. Foleni ikifika mlangoni, gemu ndiyo inayokwama, wala si barua unayoandika. Kwa kazi za ofisi, hesabu na kuvinjari, tofauti ya kijiti kimoja na viwili ni vigumu kuihisi.

Intel yenyewe huionyesha tofauti hii kwa jina. Prosesa zenye grafiki ya Iris Xe, kama za Core i5 na i7 za kizazi cha 11 na 12 kwenye NUC nyingi, zikiwekewa kijiti kimoja, Windows inaandika "UHD Graphics". Ongeza cha pili, washa upya, jina linabadilika na kuwa Iris Xe. Chipu ni ileile, haikuguswa.

Ipo mitego miwili. Kijiti cha DDR5, kizazi kilichofuata DDR4, kimegawanywa ndani katika njia mbili za biti 32, na baadhi ya programu huonyesha "2" zikikisoma, basi watu hudhani kijiti kimoja cha DDR5 ni chaneli mbili. Huo ni mlango mmoja uliogawanywa kwa nguzo katikati, upana ni uleule. Mtego wa pili ni prosesa yenyewe. Intel N100, iliyomo kwenye visanduku vingi vya bei ya chini tangu 2023, ina chaneli moja tu, hivyo vijiti viwili havina maana. Kikomo chake rasmi ni GB 16. Wapo waliotia 32 ikasoma, lakini hilo si jambo la kumdai muuzaji.

Kabla ya kutoa pesa, soma ukurasa wa vipimo vya modeli yenyewe. DDR4 na DDR5 za SO-DIMM hazibadilishani: pini ni 260 dhidi ya 262 na kipengele (ule mkato wa ukingoni) kiko mahali tofauti, kwa hiyo usikilazimishe kijiti kinachogoma. SSD za M.2, zile nyembamba zenye umbo la kijiti, ni danganyifu zaidi, kwa kuwa huwasiliana na ubao kwa njia mbili tofauti, NVMe au SATA. Ya NVMe huwa na kipengele kimoja ukingoni, ya SATA huwa na viwili, na hiyo ya viwili inaingia vizuri kabisa kwenye tundu la NVMe. Inakaa, skrubu inabana, halafu BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) haioni kitu, kwa sababu tundu halina njia za SATA. Tazama pia urefu: 2280 ni milimita 22 kwa 80, na baadhi ya visanduku vina nafasi ya 2242 tu.

Adapta nayo iangaliwe. Vingi vya N100 hutumia volti 12, DeskMini hutumia 19, na vichwa vya waya vinaweza kulingana. Kuchomeka ya 19 kwenye kisanduku cha 12 ni njia ya haraka ya kuua ubao mama. Kwa upande mwingine, volti 12 ni habari njema kwa mwenye betri na sola, mradi awe na kifaa cha kuituliza, maana betri ya "12" ikiwa inachajiwa hupanda kupita 14.

Na pagale lina mpinzani ambaye matangazo hayamtaji: vile visanduku vya maofisi vya mtumba, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny na Dell OptiPlex Micro, vinavyouzwa Kariakoo (Dar es Salaam) au Luthuli Avenue (Nairobi) vikiwa vimejaa. Ukitaka Windows 11 bila ujanja, anzia prosesa ya Intel ya kizazi cha 8.

Ukishanunua pagale, kufunga vitu ni kazi ya dakika 15. RAM inaingizwa kwa mshazari kisha inakandamizwa mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Pedi ya joto ya SSD ina karatasi ya plastiki ya kubandua. Weka draiva (programu ya kuendeshea kadi) ya mtandao kwenye flashi mapema, kwa kuwa Windows 11 hudai intaneti ikiwa inasakinishwa na huenda isiitambue kadi mpya. Halafu, kama ni DDR5, washa na uondoe mkono. Mara ya kwanza ubao hujaribu kasi na muda wa RAM hatua kwa hatua, skrini ikiwa nyeusi na feni ikizunguka, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukichomoa waya, inaanza upya. Ipe dakika kumi kabla ya kuirudisha dukani.