Chai nyeupe tupu na ile ya kutiwa ladha: onja mpaka maji ya pili

Mtu akiniletea chai nyeupe yenye ladha ya pichi na kuniuliza kama ni nzuri, huwa namuuliza kwanza: majani hayohayo umeyamiminia maji mara ngapi? Kikombe cha kwanza cha chai ya kutiwa ladha kinamsifu zaidi fundi wa ladha kuliko mkulima wa chai. Ukitaka kujua kuna nini chini ya hiyo pichi, mimina maji tena.

Sababu iko kwenye utengenezaji wenyewe. Chai nyeupe haina mambo mengi kiwandani: jani linachumwa, linatandazwa linyauke, kisha linakaushwa, basi. Halipitishwi kwenye moto au mvuke mapema kama chai ya kijani, wala halisokotwi na kuachwa lishike hewa hadi liwe jeusi. Kunyauka peke yake kunaweza kuchukua siku mbili au hata tatu, na hapo ndipo kazi yote inafanyika. Maji yanapungua, protini za jani zinavunjikavunjika, harufu ya majani mabichi inaondoka na ile ya maua na asali inaanza kujitokeza. Kwa kuwa jani halikusokotwa, kuta zake nyingi bado ni nzima, na vilivyomo ndani vinatoka polepole, kikombe baada ya kikombe. Ladha iliyonyunyiziwa yenyewe imekaa juu ya jani. Maji ya kwanza yanaiosha.

Chai nyeupe inayotajwa zaidi inatoka mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, hasa maeneo ya Fuding na Zhenghe. Juu kabisa kuna Baihao Yinzhen, ile inayojulikana kama sindano za fedha: ni machipukizi matupu, manene, yaliyofunikwa na vinyoya vyeupe. Inafuata Bai Mudan, ambayo ni chipukizi pamoja na jani moja au mawili. Kisha kuna Gongmei na Shoumei, ambazo zina majani makubwa zaidi na machipukizi machache. Bei zinafuata mpangilio huo, na wanywaji wengi wanadhani utamu nao unaufuata. Mimi sidhani hivyo. Yinzhen nzuri ina ulaini na harufu ya mbali, kama ya tikiti au nyasi kavu zilizopigwa na jua, lakini kwa mtu aliyezoea chai yenye uzito inaweza kuonekana kama maji moto yaliyopitiwa na upepo. Shoumei ina mwili. Inajaza mdomo, ina rangi, na ukiichemsha haikuangushi.

Tuje kwenye kuonja. Kosa linaloharibu ulinganisho hata kabla haujaanza ni kupima kwa kijiko. Kijiko cha Bai Mudan kina hewa nyingi kuliko chai, kwa sababu majani yake yamejikunja na kuachana. Kijiko hichohicho kikijazwa mchanganyiko wenye vipande vya matunda makavu kinakuwa kizito kabisa. Ukipima kwa kijiko, chai tupu itaonekana dhaifu na utailaumu bure. Tumia mizani ya gramu. Kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, kinataka gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6. Hiyo si chai ya kunywa kwa starehe, ni ya kupekua kasoro: maji ya moto kabisa na muda mrefu vinalilazimisha jani kutoa kila lilichonacho, kizuri na kibaya. Kwa kunywa, mimi napenda maji ya nyuzi 80 hadi 90, ingawa Yinzhen yenye machipukizi mazima inavumilia maji yanayotokota kuliko watu wanavyodhani. Chai inayoungua upesi ni ile iliyovunjikavunjika.

Nataka vikombe vitatu vinavyofanana: kimoja cha Bai Mudan tupu, cha pili cha chai nyeupe ya yasmini, cha tatu cha chai nyeupe yenye ladha ya pichi. Anza na ile tupu na umalize na pichi, kamwe usigeuze. Pua ikishajaa pichi haitasikia tena kitu chepesi kwa muda mrefu. Vikombe visuuzwe kwa maji moto matupu, visiwe na harufu ya sabuni, na marashi yako yaache kwa siku hiyo. (Nimeona watu wakibishana kwa dakika nyingi juu ya harufu ya waridi kwenye chai, kumbe inatoka kwenye kifundo cha mkono wa mmoja wao.)

Nusa kwanza majani makavu. Pichi itakupigia kelele hata kabla hujainama. Yasmini itakuita kwa sauti ya kawaida. Bai Mudan itabidi uifuate mwenyewe: weka majani kwenye kikombe kilichopashwa moto, funika kidogo, kisha funua na unuse. Hapo ndipo utapata nyasi kavu, asali nyepesi, pengine kitu kinachofanana na tango. Kama hata baada ya hapo husikii kitu, chai hiyo ni ya zamani iliyohifadhiwa vibaya.

Baada ya kumimina maji, nusa ndani ya kifuniko, maana kinakusanya mvuke, na mvuke hauna hila. Kisha onja kwa kuvuta pamoja na hewa, kwa kelele, bila aibu. Sasa fanya jaribio ambalo kwangu ndilo linaloamua mambo: ziba pua kwa vidole viwili, piga funda la ile chai ya pichi, lizungushe mdomoni. Pichi itatoweka yote. Ulimi hauijui pichi. Ulimi unajua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ile ladha nzito ya mchuzi, na mdomo unahisi ukakasi. Kinachobaki wakati pua imezibwa ndiyo chai uliyouziwa. Mara nyingi unakuta maji yenye ukakasi kidogo na uchungu mwishoni, ishara kwamba msingi ni majani makuukuu au vumbi. Achia pua na pichi inarudi kwa kasi, na pamoja nayo utamu ambao haupo. Ubongo umezoea kwamba kilicho na harufu ya pichi au vanila ni kitamu, kwa hiyo unaongeza sukari ambayo hakuna aliyeitia. Huo si udanganyifu wa kukasirikia, ndiyo sababu chai hizi zinawasaidia wanaotaka kuacha sukari. Ila sifa za utamu huo usimpe mkulima.

Fanya hivyohivyo na Bai Mudan. Ukiziba pua utapata utamu mdogo wa kweli, ulaini, na ukakasi hafifu pembeni mwa ulimi. Utofauti kati ya pua iliyozibwa na iliyoachiwa ni mdogo zaidi kuliko kwenye pichi.

Acha vikombe vipoe mpaka viwe vuguvugu na uonje tena. Joto linapopungua, harufu hairuki kwa wingi na kasoro zinajitokeza. Kisha mimina maji ya pili, na ya tatu. Hapa chai ya pichi inaachwa nyuma. Maji ya pili yana kumbukumbu ya pichi, ya tatu hayana, na kama msingi ulikuwa mbovu unabaki na maji ya njano tu. Bai Mudan nzuri kwenye maji ya pili ndiyo kwanza inachangamka. Lakini si kila mara pichi inaaibika: nimeonja za kutiwa ladha ambazo maji ya tatu yalifunua Bai Mudan safi kabisa iliyokuwa imekaa kimya chini ya tunda. Mtengenezaji wa namna hiyo ananunuliwa bila kusita.

Yasmini naiweka kwenye daraja lake. Yasmini ya jadi hainyunyiziwi kitu. Matumba ya maua ya Jasminum sambac yanachumwa mchana yakiwa bado yamefumba, na usiku yanapofunguka yanachanganywa na chai kavu. Chai inainyonya ile harufu kama inavyonyonya kila harufu iliyo jirani. Lundo linapata joto, kwa hiyo linafunguliwa na kugeuzwa, kisha maua yaliyochoka yanachekechwa na chai inakaushwa upya. Kwa daraja za juu kazi hiyo inarudiwa usiku baada ya usiku kwa maua mapya. Mji wa Fuzhou, huko huko Fujian, una historia ndefu ya kazi hii, na mwaka 2014 mfumo wake wa yasmini na chai uliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kimataifa. Kwa kuwa harufu imeingia ndani ya jani, maji ya tatu bado yanakuwa na yasmini. Wingi wa petali kwenye pakiti hauthibitishi chochote. Maua yaliyokwisha kutoa harufu yanaachwa au kuongezwa kwa ajili ya macho.

Lakini angalia: si kila yasmini yenye sindano za fedha ni chai nyeupe. Machipukizi mengi ya yasmini yamepitishwa kwenye moto au mvuke mapema, kwa hiyo ni chai ya kijani yenye sura ya nyeupe. Namna ya kujua ni kuangalia majani yaliyokwisha kutumika. Chukua chipukizi lililolowa, lipasue katikati kwa kucha. La chai ya kijani linakuwa la kijani kinachong'aa ndani na nje. La chai nyeupe linaelekea kijani cha mzeituni chenye weusiweusi na ukahawia, hasa kingo za tabaka za ndani, kwa sababu lilishika hewa wakati linanyauka. Zote zinaweza kuwa tamu. Lakini kama pakiti imeandika nyeupe, nataka iwe nyeupe.

Kuhusu ladha ipi inafaa chai hii, nina msimamo. Pichi, peasi, tikiti na maua vinapatana nayo kwa sababu chai yenyewe tayari ina harufu za upande huo. Linaloli, mojawapo ya vinukizi vya chai, imo pia kwa wingi kwenye bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, ndiyo maana bergamoti ikitiwa kwa mkono mwepesi inaonekana kama imeota kwenye jani hilo. Komamanga inawezekana, mradi isisaidiwe na uchachu. Nazi, chokoleti na mdalasini ni kupoteza chai. Na rosela ikiingia mambo yanaisha: kikombe kinakuwa chekundu na kichachu, na hakuna mtu duniani anayeweza kuonja chai nyeupe chini yake. Wala sioni maana ya kunyunyizia Yinzhen. Ulaini wake ndio unaolipiwa, na huo ndio wa kwanza kufunikwa. Msingi mzuri wa kutia ladha ni Bai Mudan yenye majani ya kutosha.

Basi soma pakiti. Kanuni za kimataifa za vyakula, Codex Alimentarius, zinazofuatwa na nchi nyingi, zinataka viambato viorodheshwe kuanzia kilicho kizito zaidi. Ukikuta vipande vya tufaha na rosela vimetangulia na chai nyeupe ni ya tatu au ya nne, hicho ni kinywaji cha matunda. Ukikuta chai nyeupe na ya kijani pamoja, ujue ya kijani iliongezwa ili kikombe kipate nguvu. Neno "asili" mbele ya ladha lina maana tofauti kulingana na sheria ya mahali: Umoja wa Ulaya unataka angalau asilimia 95 ya kile kinachotoa ladha itoke kwenye tunda lililotajwa ikiwa pakiti inasema ladha asilia ya pichi, ilhali Marekani ladha asilia inaweza kutolewa kwenye mimea mingine kabisa. Na pakiti ikikuahidi kwamba chai nyeupe haina kafeini, irudishe rafuni. Machipukizi machanga ni sehemu ya mmea yenye kafeini nyingi. Kikombe kinaweza kuwa na kidogo kwa sababu jani zima linaitoa taratibu, si kwa sababu haimo.

Uhifadhi nao unazitenganisha. Chai nyeupe tupu ikikaa pakavu, gizani, mbali na harufu, inaweza kuwekwa miaka mingi. Rangi inazidi kuiva na ladha inasogea kuelekea asali nzito na tende. Huko Fuding wanasema mwaka mmoja ni chai, mitatu ni dawa, saba ni hazina. Sehemu ya dawa nawaachia wenye ushahidi, ila ladha ya Shoumei ya miaka saba siibishii. Ya kutiwa ladha haingojwi. Ladha inapeperuka mwezi kwa mwezi, kwa hiyo nunua pakiti ndogo na uimalize ndani ya mwaka, na iwe kwenye kopo lake. Ukiziweka pamoja na tupu kwenye sanduku moja, utakuwa na chai mbili za pichi.

Kwa pichi iliyobaki baada ya kuonja, tumia maji baridi: gramu 8 kwa lita moja, kwenye friji usiku kucha, kisha chuja. Baridi haiutoi uchungu wa msingi kwa wingi, kwa hiyo hata ile iliyoshindwa kwenye jaribio la pua inanyweka.