Splaini ya ubavu wa mashua: punguza nukta

Fundi wa Nungwi huunda mashua kwa jicho, bila mchoro. Mchoro hutakiwa baadaye, chombo kikiwa kimeshasimama: kukata vigezo vya plaiwudi kwa mashine, au kuunda cha pili kinachofanana nacho. Hapo splaini, yaani mstari laini uliopinda ambao programu ya kuchorea huuunda kutokana na nukta, huwaharibikia wengi, na karibu kila mara kosa ni lile lile la kuweka nukta nyingi mno.

Chukua mstari wa juu wa ubavu, kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma), kwa mashua ya mita 6. Vuta mshipi wa kuvulia baina ya ncha mbili (kamba ya kawaida hulegea katikati), kisha pima umbali wa kushuka kutoka mshipi hadi ukingo wa ubao kila sentimita 50. Utapata vipimo 13, pamoja na ncha. Upepo, tepu na ukingo usiopigwa randa vizuri hutia kosa la milimita 3 hadi 5 kwa urahisi. Ukiiambia programu ipitishe splaini juu ya nukta zote 13, itatii, na itayapitia makosa yako pia. Kwenye skrini hutaona kitu. Kigezo kikishakatwa, vidole vitayahisi mawimbi.

Mimi nukta hizo 13 huziacha ziwe alama za rejea tu. Juu yake nachora splaini ya nukta za udhibiti, digrii 3 (daraja la mlinganyo wake, si pembe), yenye nukta 5. Mbili zinakaa kwenye ncha. Tatu za kati hazigusi mstari, zinauvuta tu. Nazisogeza mpaka pasiwe na alama iliyo mbali na mstari kwa zaidi ya milimita 5. Ikishindikana naongeza nukta moja, si nne. Alama moja pekee ikikaa mbali milimita 15, rudi ukaipime tena. Usiupinde mstari kuifuata.

Sasa washa kitana cha mpindo, yale meno yanayosimama juu ya mstari. Jino refu ni mpindo mkali, fupi ni mpindo mpole. Kuza kipimo cha kitana mpaka meno yaonekane wazi: ncha zake zitengeneze mstari mmoja mtulivu. Meno yakihamia upande wa pili, mstari umegeuka. Kwa mstari wa juu wa ubavu hilo ni kosa. Kwa mstari wa maji karibu na omo, huenda fundi amekusudia hivyo. Tazama chombo kabla ya kusahihisha.

Umbo likikubali, lifunge kwa vipimo. Kila nukta husogea kwa njia 2 (kulia-kushoto na juu-chini), hivyo nukta 5 ni 10. Ncha zikifungwa zinabaki 6. Ukiziacha wazi, siku utakapobadilisha urefu wa mkuku (uti wa chini wa chombo), ubavu nao utahama kimyakimya.

Tezi ya mviringo ikichorwa nusu kisha kuakisiwa, mkono wa kwanza wa splaini (mstari wa kutoka nukta ya ncha hadi nukta inayofuata) lazima uwe wima kwa mstari wa katikati, digrii 90 kamili. Pungufu yake unapata ncha kali pale nusu mbili zinapokutana. Splaini inayopita juu ya nukta ina hatari nyingine: programu ikiachiwa ncha huru, mara nyingi mpindo hapo huwa sifuri, na tezi hutoka na bapa katikati.

Unene wa ubao, tuseme milimita 25, hupatikana kwa kunakili mstari sambamba kuelekea ndani. Nusu kipenyo cha mpindo mkali kikiwa chini ya milimita 25, nakala itajikata yenyewe. Kagua omo kwanza.

Mwisho ni faili la kukatia. Mashine nyingi huivunja splaini kuwa vipande vilivyonyooka. Penye nusu kipenyo cha milimita 500, kipande cha milimita 20 huacha pengo la milimita 0.1, na kwa plaiwudi hiyo inatosha. Kipande cha milimita 60 huacha 0.9, na hapo utatumia msasa kutwa nzima.